Gundi ya Mfalme

Msumeno mdogo uliuma mfupa, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikapanda mpaka puani. Barakoa haikufua dafu. Mama Msumeno, ndivyo walivyomwita maabara nzima, hakukunja hata uso. Harufu alishaizoea, ingawa nyumbani mama yake humwambia akaoge kwanza ndipo waamkiane. Kilichomtia kinyaa leo kilikuwa kimesimama mlangoni, na kilikuwa kimevaa tai.

"Hicho kipande usikioshe," alisema Mkuu wa maabara.

"Kina gundi, Mkuu. Watu wa makumbusho wameipaka mpaka imeganda kama makamasi."

"Nimeiona. Acha hivyo hivyo."

Mh! Acha hivyo hivyo! Kazi yake yote ilikuwa kutoacha hivyo hivyo: kukwangua udongo, kulowesha kwenye tindikali, kusuuza, kulowesha tena, hadi ubaki mfupa mtupu, ndipo mashine ipime kaboni iliyomo na kusema mwenye mfupa alikufa lini. Na gundi ile imetokana na mafuta ya petroli, kitu kilichokaa ardhini tangu Adamu hajaumbwa. Ukiipima pamoja na mfupa, mfupa unazeeka bure. Hayo alifundishwa na Mkuu huyu huyu.

"Lakini kile cha kwanza nilikiosha, na jibu likatoka."

"Kile kilikosewa."

Kikosewe wapi! Makumbusho walikuwa wamejenga ukumbi mzima kwa ajili ya mifupa hii, wakaiita ya Mfalme wa Kwanza, eti ina miaka elfu na ushei. Mashine ikawaumbua. Ndani ya mfupa kulikuwa na ile kaboni iliyojaa hewani baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mfalme gani huyo? Alikuwa mtu wa juzijuzi, aliyefukiwa kama mzoga. Tena kijana, maana mtulinga wake, ule mfupa wa begani, ulikuwa haujakomaa.

"Mkuu, huyu huenda ana ndugu wanaomtafuta mpaka leo."

"Ukumbi unafunguliwa wiki ijayo, mama. Wageni wameshaalikwa. Nikawaambie tumeweka maiti ya nani sijui kwenye kioo?" Akacheka. "Wafu hawana haraka. Wewe mwenye mkataba unaoisha mwezi huu ndiye ungekuwa na haraka."

Alicheka, jamani. Mate yalimjaa Mama Msumeno mdomoni, akayameza kwa shida huku viatu vya Mkuu vikiondoka vikigonga sakafu.

Kila akirudi kazini, mama yake humuuliza, "Leo mmepata mtu?" Mdogo wake mama alichukuliwa na wenye bunduki mwaka wa vurugu, akiwa bado na sare za shule, na halikurudi hata shati. Naye Mama Msumeno humjibu kwa utani, "Wetu ni wazee mno, mama. Wote ni wa kupewa shikamoo." Na kweli huwaamkia. Kila kisanduku kipya kikifunguliwa, yeye huinama na kusema shikamoo, wenzake wakavunjika mbavu.

Akakitazama kipande mkononi. Gundi ilinata kwenye glavu, njano, laini. Akavuta chupa ya kiyeyushi, akamimina bila kupima. Gundi ikaanza kuachia, ikavutika nyuzi nyuzi na kuzama chini ya bakuli. Akaikwangua yote, hata iliyojificha kwenye nyufa, akaimwaga kwenye dumu la taka na kuligonga kifuniko kwa ngumi.

Mfupa ulibaki mweupe, mwepesi, ukitona maji.

"Shika..." akaanza, kwa mazoea, akaishia hapo. Kwa mwaka wa kuzaliwa, huyu angekuwa mjomba. Kwa miaka aliyoishi, alikuwa mtoto wa kutumwa dukani.

Viatu vya Mkuu vilikuwa vikirudi. Mama Msumeno alikifunika kipande kwa viganja viwili.

"Pole," alikiambia. "Pole, mwanangu."