Mama Wanne Sebuleni

Haya niliambiwa na mwanamke mmoja tuliyekaa naye foleni kliniki ya macho, mwezi wa nne, namba zetu bado hazijaitwa. Yeye aliyasikia kwa binti wa dada yake, aliyemsimulia huku akitazama sakafu.

Binti huyo yuko ofisi inayotengeneza vipande vya skrini: vitufe, fomu, kalenda, kadi ya kuonyesha mtu na picha yake. Watengeneza programu huvichukua vikiwa tayari, kama fundi cherehani anavyonunua vifungo. Ila hao watu hawajengi kwa njia moja. Njia ziko nne, kwa hiyo ofisi ilikuwa na programu nne za mfano, kila njia na yake, zote zikionyesha vipande vilevile. Kitufe kikiharibika, binti alikirekebisha mara nne.

Kwenye ile kadi alihitaji mtu. Akaweka picha ya mama yake, aliyekuwa akiishi naye, amejifunga kitambaa cha kijani. Katika programu ya kwanza aliandika chini ya picha, "Mama mzazi". Ya pili aliifanya alipopanda cheo, akaandika "Jamaa". Ya tatu, "Jirani". Kabla ya ile ya nne wenzake wa kazini walimtembelea, wakamkuta mama jikoni, miguu peku, wakauliza ni nani. Binti akasema ni mtumishi. Mama alisikia, akawaletea chai. Basi katika ya nne akaandika hivyohivyo, "Mtumishi wa nyumbani".

Meneja akaja kuona nne ni nyingi. Ziunganishwe ziwe moja, mtu achague njia yake juu ya skrini, vilivyobaki viwe vya wote. Jumatatu binti akazifungua zote kwa pamoja azilinganishe. Jioni aliporudi nyumbani alikuta mama wanne, wote na kitambaa cha kijani.

Mama mzazi alimuuliza kama amekula mchana. Jamaa alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama mtu wa kuondoka. Jirani alisimama mlangoni, akasema hakai, amepita tu kusalimia. Mtumishi alikuwa anaosha vyombo. Sahani zilikuwa tatu, wakala kwa zamu. Jirani akasema humu ndani mna magoti manane na hakuna hata moja zima, wakacheka wote wanne kicheko kimoja.

Wakati wa kutoa vyombo, mama mzazi alimsogelea binti.

"Kesho watakuuliza yupi abaki. Ni neno moja tu, mwanangu."

"Najua, mama."

"Sikulazimishi."

Kesho yake meneja alizionyesha kadi nne ukutani, mbele ya watu wote. Vitufe vilikuwa vimekubaliana, kalenda pia. Kadi tu ndizo zilizotofautiana. Akauliza ipi sahihi.

"Si yule bibi wa jikoni kwako?" mwenzake mmoja akasema. "Chai yake tamu yule. Ukimchoka, nipe mimi."

Wakacheka, bila ubaya. Binti masikio yakamwaka moto. Lile neno alikuwa nalo mdomoni.

"Ya nne," akasema.

Zile tatu zikafutwa. Meneja akamsifu kwa kazi safi.

Jioni alimkuta mmoja, anapiga deki.

"Mama," binti akaita.

Yule mama akageuka kutazama mlangoni, aone nani kaingia. Hakuona mtu.

"Pole na kazi, dada," akasema. "Nikutengee chakula?"

Binti akafungua kompyuta. Lilikuwa jambo la dakika moja. Akaandika "Mama mzazi", akalitazama. Akawawaza wenzake watakapolikuta asubuhi, na chai waliyoinywa. Akalifuta herufi mojamoja.

Mtumishi akauliza alale wapi. Binti akamwonyesha chumba ambacho mama yake alilala miaka sita. Yeye akasema hapo ni pa wageni, akatandika mkeka stoo, karibu na mtungi wa gesi. Binti hakubishana. Saa mbili akaingia chumbani, hata viatu hakuvua, akasikiliza taa zikizimwa, ya sebuleni, ya jikoni. Alijua yule hatajilaza mpaka bosi wake alale, kwa hiyo akajifanya amelala, ili naye apumzike.

Punde mkoromo ukasikika kutoka stoo, uleule alioulalia tangu utotoni, na binti, aibu imemjaa kifuani, akapitiwa na usingizi.