Dola ya Kichwa Kidogo

Mimi si mwepesi wa kusamehe, na wanaonijua hapa Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watakuambia hivyo hivyo hata kabla hujawauliza. Kwa hiyo nikisema kwamba nilimsema mume wangu miaka kumi na miwili kwa ajili ya noti moja, usishangae. Noti yenyewe ilikuwa ya dola mia moja, na ndani yake ilikuwemo cherehani yangu.

Siku tulipokimbia vita kwetu Uvira, binti yetu Eliane alikuwa na miaka saba. Mume wangu Gervais alikwenda kuuza cherehani wakati mimi nafunga mizigo, akarudi mbio na dola mia, anatabasamu kama aliyeuza nyumba. Mpakani, mbadilisha fedha wa kwanza aliitazama akacheka. Picha ya yule mzee wa kwenye noti ilikuwa ndogo. Ilikuwa dola ya zamani, ya kichwa kidogo, na kwetu Kongo dola ya namna hiyo hata muuza chumvi haigusi.

Sisi Wakongo tunaikagua dola kuliko tunavyokagua mchumba. Ikiwa na tundu la sindano, hapana. Ikichanika kiasi cha punje ya mtama, hapana. Ya kichwa kidogo usiitoe hata mfukoni, utajiaibisha. Gervais alijua yote hayo, ila siku ile risasi zilikuwa zinalia na hakuangalia. Basi tukaingia Nakivale na dola mia mkononi, tukaomba chumvi kwa jirani.

"Akiba haiozi," alikuwa akisema kila alipoirudisha ndani ya bahasha ya nailoni, pamoja na karatasi ya familia tuliyopewa kambini.

"Yako ilishaoza tangu Uvira," namjibu.

Mwaka huu Eliane akapata nafasi ya kusomea uuguzi Amerika, mahali panaitwa Iowa. Masomo yalilipiwa, tiketi ililipiwa. Chumba hakikulipiwa. Alikipata kwa Mama Concilie, mjane wa kwetu Uvira aliyehamia huko, na Mama Concilie hakuzunguka maneno kwenye simu: "Dola mia tatu mu mukono, siku unafika. Kama haziko, ile fasi nitapatia mwengine. Kuko mutu anaingoja."

Tuliuza mbuzi wawili na maharage yote ya msimu, tukapata shilingi za kununua dola mia mbili. Mia ya tatu hatukuwa nayo, isipokuwa ile.

Tukaenda mjini Mbarara watatu, siku moja kabla ya safari. Katika duka la kubadilishia fedha kulikuwa na binti nyuma ya kioo, mwenye kucha ndefu na sauti ya upole. Alitazama kitabu cha safari cha Eliane, akahesabu shilingi zetu, akatoa noti mbili za mia. Gervais aliziinua kwenye mwanga, akapapasa kola ya yule mzee wa kwenye noti kwa kidole gumba, akazigeuza. Moja akairudisha, kwa sababu ya doa la wino lisilozidi mguu wa inzi.

"Mzee, hii dola iko sawa," binti akasema.

"Najua, mama. Lakini unipatie ingine."

Akampa nyingine. Hapo ndipo Gervais alipotoa bahasha yake ya nailoni, taratibu, akasukuma ile noti chini ya kioo. Nilitazama sakafu.

Binti hakuiweka hata kwenye mashine, akamwita bwana kwa lugha ya huko. "Pole, ssebo. Hii ya kichwa kidogo sisi hapana chukua. Bosi atakata mshahara yangu."

"Hata kwa bei ya chini?"

"Hata ya chini, ssebo."

Tulipofika kibarazani nje, mdomo wangu ukafunguka. "Uliuza cherehani yangu kwa karatasi! Na sasa mutoto anaenda kulala inje ju ya karatasi ileile!" Watu wa bodaboda waligeuka kututazama. Eliane alinishika mkono, "Mama, basi, mama," lakini mimi nikishaanza sina breki.

Gervais alifungua tena bahasha ya nailoni. Alimpa Eliane ile noti. "Beba, mwanangu. Inarudi kwabo. Bale njo benyewe." Maana yake, Waamerika ndio wenye dola.

"Muzigo wa bure," nikasema.

Eliane aliondoka kesho yake. Sitasimulia jinsi nilivyolia.

Jumamosi asubuhi simu ikaleta sauti yake. Huko Iowa ulikuwa bado usiku wa Ijumaa. "Mama, nilifika muzuri. Lakini Mama Concilie ameona ile noti, akasema, 'Mutoto, miye nimetoka Uvira, na wewe unaniletea kichwa kidogo?' Amesema nilale ku kiti leo. Kesho ataita ule mwengine."

Niliogopa, na mimi nikiogopa nakasirika. Siku nzima nilikaa kwenye kibanda changu cha unga wa muhogo nikipima kilo vibaya na kujibu wateja ovyo. Mtoto wangu yuko kwenye kiti cha watu, nchi asiyojua hata choo chake kiko wapi, na ofisi za chuo zimefungwa mpaka Jumatatu. Gervais alikaa juu ya gunia nyuma yangu. Nilimwekea chakula, hakugusa. Nilimsema mara mbili, ya tatu nikachoka, maana kumsema mtu asiyejitetea ni kutwanga maji kwenye kinu.

Saa moja jioni simu ikalia. Nikaiweka sauti ya juu.

"Mama! Baliichukua!"

"Nani aliichukua?"

"Banki! Mama Concilie alinipeleka ku banki yake asubui hii, ju anionyeshe kama ni ya bure kabisa. Ule mwanamuke wa banki akaiangalia kidogo, akaipitisha ku mashini, akatuuliza, munataka za makumi mbili ao za hamusini?"

"Bila kukata kitu?"

"Bila kukata, mama! Mia muzima! Alisema dola yabo haizeekake. Chumba niko nacho, niko ndani yake sasa!"

Kisha nikasikia simu inanyang'anywa, na sauti nyingine ikaingia, ya mwanamke mzima. "Mariette, ni miye Concilie. Unisamehe ju ya kile kiti. Niko huku miaka munane, na niko na kichwa kidogo mbili mu godoro. Nilikuwa naona haya kuzionyesha batu!"

Nilicheka. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye vumbi la unga, na mteja aliyekuwa anangoja kilo mbili akacheka naye bila kujua anacheka nini. Mzigo niliokuwa nao kifuani tangu Mbarara, labda tangu Uvira, ulishuka wote kwa mara moja. Mwanangu ana chumba. Ana kitanda. Asante Mungu, nilisema, asante, asante, mpaka simu ikaishiwa salio upande wa huko.

Nilipogeuka, Gervais alikuwa bado juu ya gunia, anajifuta macho kwa upande wa mkono.

Si rahisi kwangu, lakini nilisema. "Papa Eliane, unisamehe. Ulisema akiba haiozi, na miye nilikuchekelea miaka yote hii."

Alitikisa kichwa. "Hapana, Mama Eliane. Hata miye nilijua imeoza. Hata siku ile ya Mbarara nilijua."

"Sasa ulikuwa unaitunza ya nini?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi.

"Ilikuwa cherehani yako," akasema. "Ningeitupa namna gani?"