Kadi za Marehemu Mihayo

"Hivi, mayu, mumeo alijua kusoma kweli, au kile cheti cha kisomo alipewa kwa kupigiwa makofi?"

Kwandu alimwuliza Eufrasia hivyo kisimani, wiki tatu baada ya mazishi, akiwa ameinama kuchota maji. Hakuuliza kwa ubaya; hata alimwita mayu, mama. Kijiji kizima, huku upande wa Zagayu, kilisema Mihayo aliuawa na dawa ya pamba kwa sababu kitabu cha kilimo kilimshinda.

Eufrasia alijitwika ndoo yake, akaondoka. Jioni, akisali rozari, aliongeza fungu moja la kumwombea mumewe msamaha, ikiwa alidanganya.

Mwaka uliofuata, 1976, alikuja Ndugu Joakim kutoka chuo kikuu, kuchunguza lugha ya kitabu kilekile. Aliandika kila sentensi kwenye kadi yake. Kadi alimpa msomaji, akamwambia afanye kama alivyoelewa, kisha yeye akakaa pembeni na daftari. Bundala, bwana shamba, alimwuliza mbona hazihesabu hizo sentensi.

"Nikizihesabu nitajua ziko ngapi," alisema Joakim. "Ninachotaka ni kujua zinamfanya nini anayezisoma."

Alhamisi saa kumi alasiri, darasa la watu wazima likiwa limekaa ghalani, Eufrasia akiwamo, Mihayo aliingia. Alivaa shati alilozikwa nalo.

"Mwadila."

"Mwadila," wakaitikia salamu, na Kwandu akasogea kumpisha kwenye benchi. Joakim alimwuliza jina, akaandika, akampa kadi ya kwanza.

Mihayo aliisoma kwa sauti, bila kukwama: "Dawa hupimwa kwa kifuniko." Akapima, ingawa siku hiyo yalikuwa maji matupu. Akasoma ya pili, akachanganya. Ya tatu ilisema: "Pamba hupuliziwa dawa mstari kwa mstari." Akabeba bomba la kupulizia mgongoni, akaingia shamba la kijiji, na darasa zima likamfuata. Upepo ulikuwa unamjia. Kila alipopuliza, manyunyu yalimrudia usoni. Alimaliza mistari yote minne.

"Mbona hukuupa upepo mgongo?" Joakim aliuliza.

"Kadi haijasema."

"Wala hukuziba pua."

"Mwaka ule niliziba, kwa kipande cha kanga ya huyu mke wangu. Bwana shamba akaniambia kitabuni haimo. Ukifanya kisichomo, shamba lako linaandikwa limeharibika. Nikaivua."

Wote walimtazama Bundala.

"Haimo kweli," alisema Bundala. "Mimi hukagua kwa kitabu."

Joakim aliziweka zile kadi tatu pamoja. Alisema ndani yake mmetajwa dawa, kifuniko na pamba, mtu hayumo.

"Kumbe alisoma jamani," alisema Kwandu. "Na mimi nilivyosema kisimani! Nisamehe, mayu."

"Yameisha," alisema Eufrasia. Kifua chake kikawa chepesi kama cha mtu aliyetua mzigo wa kuni. Jioni ile aliliacha lile fungu la msamaha, akamwombea Mihayo pumziko tu, na akalala usingizi mzima.

Joakim alipeleka taarifa yake kwa waliotoa kitabu. Baada ya miezi mitano ikaja barua ya kumshukuru, ikisema kitabu kilikwisha kupigwa chapa. Nakala mpya zilifika na lori la mbegu kutoka Malampaka. Mihayo, ambaye hakukosa darasa hata Alhamisi moja, alifungua yake na kusoma ule ukurasa. Ulikuwa vilevile.

Msimu wa kupuliza ulipoanza, zamu ya kwanza ilikuwa ya Eufrasia. Alifika ghalani asubuhi, akalishika bomba, akatoa kipande cha kanga, akakifunga puani. Mihayo alikuwa mlangoni na ndoo ya maji, akilamba kidole na kukiinua kutafuta upepo unakotoka.

"Mayu," alisema Bundala, kitabu mkononi, "hiyo haimo."

Eufrasia alilikaza fundo, akabeba bomba mgongoni, akatoka kwenda shambani.