Mama Mkwe Anakagua Skrini

1.

Makosa yaliyoonekana, skrini ya tano:

    kitufe cha kurudi nyuma: hakipo
    jina la dereva: halipo
    namba ya simu ya dereva: haipo
    neno «Subiri»: lipo, tena kubwa

Uzito wa kosa: mbaya kupita yote. Lisiporekebishwa, programu isitumike.

Mbunifu: Faraja Mbena.
Mkaguzi: Sikudhani Mahundi.
Uhusiano wa mkaguzi na mbunifu: mama mkwe wake. Ndiyo, mmesoma vizuri.


2. Sikudhani

Mnashangaa nini? Kazi yangu ni kutafuta makosa kwenye programu za simu kabla hazijazaliwa, zikiwa bado michoro ya penseli kwenye karatasi. Nina kanuni zangu, nazipitia moja moja, skrini kwa skrini. Mtumiaji aelezwe kinachoendelea. Apewe njia ya kutoka. Asilazimishwe kukumbuka mambo ambayo simu yenyewe inaweza kukumbuka. Hapa Morogoro hakuna anayenifikia, na sisemi kwa kujisifu.

Haya, nasema kwa kujisifu.


3. Skrini ya tano

Mimi ni karatasi. Faraja alinichora kwa rula, akanikata kwa mkasi, nikatoshea kiganjani kama simu. Mjamzito akishikwa na uchungu anabonyeza «Omba gari» kwenye skrini ya nne, ndipo natokea mimi. Nasema: Ombi limetumwa. Subiri.

Subiri.



Subiri.




Basi. Sina kingine cha kumwambia.


4. Yaliyosikika kwenye ngazi za ofisi, juu ya duka la mabati

— Mama kampiga mkwe wake kosa zito vile?
— Kwa maandishi lakini. Uso kwa uso hawaonani wale.
— Si wako ofisi moja?
— Yule mama akipanda ngazi, Faraja anaweka simu sikioni anatokea mlango wa nyuma. Heshima, bwana.
— Makubwa!


5. Faraja

Ripoti niliisoma nimesimama, nikakasirika, sitawadanganya. Nikaisoma tena nimekaa. Kila mstari ulikuwa wa kweli. Nilidhani «Subiri» ni neno la adabu. Sikumfikiria mtu anayelisoma huku ameuma kanga.

Wakaguzi wengine wawili walipitia karatasi hizohizo. Mmoja aliandika «safi sana», mwenzake «hongera mdogo wangu». Ni mama mkwe wangu peke yake aliyeniona. Nilijivuna naye siku nzima, nikakosa wa kumwambia.

Nikachukua rula.


6. BARUA YA HOSPITALI

YAH: UKAGUZI WA PROGRAMU YA USAFIRI WA WAJAWAZITO

Kamati imepata taarifa kwamba mkaguzi wa michoro tajwa hapo juu ni mama mkwe wa mbunifu. Kwa kuzingatia mila na desturi zetu, kamati ina mashaka iwapo mkaguzi huyo anaweza kumkosoa mbunifu bila kumwonea haya. Wote wawili mnatakiwa kufika mbele ya kamati Jumatatu. Ikithibitika kuwa ukaguzi haukuwa huru, mradi utasitishwa.

Katibu


7. Tunu, mke wa Faraja, binti wa Sikudhani

Mimba yangu ni ya miezi minane na nyumba yetu iko mlimani. Mradi ukisitishwa, siku yangu ikifika nitashushwa kwa machela, na mvua ndizo hizo zimeanza.

Nilimwambia mama, «Utamsema mbele za watu?»

«Mwanangu, yule hata chumvi sijawahi kumwomba.»

«Mama, mimi ndiye nitakayebonyeza hicho kitufe.»

Akaniuliza kama nimekula.


8. Kumbukumbu za kikao, Jumatatu

Mwenyekiti alimtaka mkaguzi aeleze mbunifu amekosea wapi.

Mkaguzi alikaa kimya.

Mwenyekiti aliwageukia wajumbe na kusema, «Si mnaona wenyewe? Mkwe hamsemi mkwe.» Wajumbe walicheka. Mkaguzi aliomba ruhusa ya kugeuza kiti chake. Ruhusa ilitolewa. Mkaguzi


9. Sikudhani

Nikageuza kiti, nikamtazama Faraja usoni. Kumbe ana kovu dogo juu ya nyusi! Binti yangu ameolewa naye siku zote hizi, na mimi nilikuwa sijui.

— Baba, simama.
— Naam, Mama.
— Skrini ya tano umeharibu.
— Ndiyo, Mama.
— Mwenye uchungu ameshabonyeza. Gari linakuja au haliji?
— Hajui.
— Dereva ni nani?
— Hajui, Mama.
— Shemeji yake kapata bajaji ya jirani, anataka kufuta ombi. Anafutaje?
— Hawezi.
— Kwa hiyo binti yangu umemwachia nini mkononi?
— Neno moja tu, Mama. Halimsaidii.

Kicheko kilikwisha chumba kizima. Na yeye hakuinamisha kichwa hata mara moja. Alijibu kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma, kosa baada ya kosa, bila kunung'unika, bila «lakini». Moyo ulinijaa mpaka nikaogopa nitalia mbele ya wale wazee wa kamati. Nikasema kimoyomoyo: Tunu, mume umepata.

Faraja akafungua mkoba, akatoa karatasi nyingine.

«Nimechora upya,» akawaambia. «Kuna jina la dereva, namba yake, mahali alipofika, na kitufe cha kufuta. Mama yangu hajaiona bado.»

Mama yangu, alisema. Neno «mkwe» hakulitia.

Mwenyekiti akaipokea, akaigeuza huku na huku, akakohoa.

«Inatosha, mama. Tumeona.»

«Haijatosha,» nikamwambia. «Hata hii mpya ina kosa, naliona kutoka hapa. Baba, vuta kiti, ukae karibu yangu nikuonyeshe.»

Watu wote wakamtazama.

Akavuta kiti.