Kitenge cha Mwisho

Chibalonza alifukia kokwa ya pichi nyuma ya nyumba yao ya serikali kule Minto, ughaibuni, akasema matunda yake atayala na mumewe kwa chumvi. Kokwa ikawa mti; yeye akawa marehemu. Septemba hii, majira ya baridi ya huko yakiisha, mti ukatoa maua kwa mara ya kwanza, na redio ikatangaza jalidi ya alfajiri ya kesho, ile baridi inayounguza ua likadondoka bila tunda.

Bahizire, mumewe, alikusanya kuni aukokee mti moto. Bwana wa ofisi ya nyumba akapita, akakataza hata moshi. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, lakini Bahizire alikuwa amepisha mpaka kachoka. Hospitali walimwambia Chibalonza asubiri zamu yake, akasubiri mpaka akafa. Sasa na mti nao usubiri?

Jua likielekea kuzama, aliufunika kwa mablanketi na vitenge vya marehemu, akakaza kamba shinani.

"Baba Ornella, umeufunga kama mtoto mgongoni," alisema Jerotich, nesi jirani, akichungulia juu ya uzio.

"Wakubwa wamekataza moto, mama. Na nguo wamekataza?"

"Mimi sijatumwa na mtu. Kwetu Kericho jalidi hula chai shambani, naijua. Fungua hiyo kamba. Joto linatoka udongoni. Ukiukaba shingo hivyo, maua yatafia ndani ya nguo nzuri."

Bahizire alinung'unika, akafungua. Nguo zikashuka mpaka chini, ila upande mmoja ukabaki wazi. Jerotich akarusha mashuka yake mawili. Bado pengo.

"Leta kingine, baba. Upande mmoja ukiingiza baridi, tumefanya kazi bure."

"Sina."

"Huna kabisa?"

Bahizire akainama, akanyoosha shuka. Jerotich akaangalia saa, akakimbilia treni ya kwenda zamu ya usiku.

Kilikuwepo kimoja, kile alichovaa Chibalonza siku ya mwisho. Kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya mto wa kitandani, hakijafuliwa. Bahizire hukifungua kidogo tu, ananusa, anafunga upesi harufu isiishe. Umande ungeimaliza kabla ya mapambazuko.

Alisimama na mfuko mkononi mpaka pumzi yake ikaanza kutoka nyeupe. Kisha akakitoa, akaziba pengo.

Kulipokucha nyasi zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga. Kitenge kilikuwa kigumu kama ubao. Akakiinua taratibu, akaingiza kichwa ndani. Maua yalikuwa mazima, na nyuki mmoja mpumbavu alikuwa amelala humo.

"Yamepona?" Jerotich aliuliza, akirudi na sare yake.

"Yamepona," alisema Bahizire, bila kutoa kichwa, akinusa.