Pangaboi la Chumba cha Nasri

Fundi Sixbert alishusha swichi kubwa. Redio ya sebuleni ikanyamaza, friji likatetemeka mara moja na kutulia. Hajira, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mumewe, akainua macho. Pangaboi lilikuwa linazunguka vilevile darini, bila haraka, halina habari kwamba umeme umezimwa.

Akauliza kama kweli amezima. Sixbert akasema amezima, akaja kujionea, akarudi kwenye swichi, akaipandisha, akaishusha tena. Pangaboi likaendelea na shughuli zake. Fundi mzima, testa mfukoni na ngazi ukutani, akabaki ameshika kiuno.

Ilikuwa Oktoba, na jua la Singida mwezi huo halina adabu. Tangu Nasri apooze upande wa kulia na kupoteza usemi, Desemba iliyopita, mwili wake haukuweza tena kupambana na joto. Wiki hiyo peke yake walikuwa wamemkimbiza hospitali mara mbili. Daktari alimweleza Hajira waziwazi kwamba mgonjwa akipata joto jingine la namna ile, yeye hamhakikishii kitu. Ndipo binti yao Saada, aliyeko Dar es Salaam, akatuma kiyoyozi kwa basi. Kilikuwa sebuleni ndani ya boksi lake, kimekaa kama mgeni anayesubiri chai. Lakini nyumba ilikuwa ya tangu enzi za baba mkwe, na Sixbert alikataa kutoboa hata tundu moja kabla hajajua kama nyaya za zamani zitakibeba.

Hajira ikabidi aeleze, kwa aibu kidogo, kwamba pangaboi lile lina tabia zake. Luku ikiisha nyumba nzima inakuwa giza, lenyewe linazunguka. Alijiambia kwamba lina chaji, kama taa za sola, na alishawahi kuwatambia majirani. Halafu miaka ya nyuma kulikuwa na siku ambazo taa zote zinawaka, lenyewe limegoma. Mafundi wawili walishalifungua, wakalikuta halina ubaya wowote, wakalifunga.

"Mama, pangaboi halina chaji," Sixbert alisema kwa upole, kama anayetoa habari za msiba.

"Sasa linakula nini?"

Sixbert akaweka ngazi, akapanda darini. Hajira akakaa kitandani akimfuta mumewe jasho, huku akisikia mbao zikilia juu yao, kutoka kwenye pangaboi mpaka kwenye ukuta wa mpakani. Zikanyamaza hapo. Fundi aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kichwani.

Akasema waya wa pangaboi hili haufiki kwenye swichi ya mama. Umepita juu ya ukuta, umeingia nyumba ya pili.

Hajira alimtaka arudie. Akarudia. Bado haikuingia akilini.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Kitwana, mdogo wake Nasri. Zamani zote mbili zilikuwa nyumba moja. Baba yao alipofariki ndugu hao waligawana, wakajenga ukuta katikati ya korido, na Nasri akavutiwa mita yake mpya. Huku chini kila kitu kiligawanywa. Huko darini hakuna aliyepanda. Kisha wakagombania chumba cha mbele cha duka, salamu zikakatika. Mwaka huu ulikuwa wa saba.

Hajira alisema haiwezekani. Kitwana angejua, waya ungeshakatwa siku nyingi. Sixbert hakuingia katika hayo. Alisema tu kwamba waya ule ni mwembamba, kiungo chake kimeanza kuwa cheusi, na ukifungiwa kiyoyozi, dari litashika moto. Mita mpya inaweza kubeba. Atavuta waya mnene kutoka huko. Ila huu wa zamani lazima autoe kwanza, na hawezi kuugusa mpaka uzimwe upande wa pili.

Kwa hiyo Hajira akaenda kupiga hodi, mlango ambao hakuukanyaga kwa miaka saba. Alieleza habari za kiyoyozi, kisha za waya, akingoja Kitwana ashangae. Kitwana hakushangaa.

"Najua, shemeji," alisema. "Na kaka anajua. Tulinyamaza wote wawili. Tangu augue sijaacha luku yangu iishe, hata siku moja."

Hajira akakumbuka miezi ya nyuma. Kweli. Tangu Desemba pangaboi halikusimama, isipokuwa umeme ulipokatika mji mzima.

Akakumbuka na mengine, na hayo yalimchoma. Mara ngapi amekaa kando ya kile kitanda akimsema Kitwana: mchoyo, hana undugu, hajali kaka yake anakufa. Na kila alipomsema, Nasri aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaonyesha kidole darini. Hajira alidhani mgonjwa anasikia joto. Aliinuka akaongeza spidi. Nasri akatikisa kichwa, yeye akaipunguza, Nasri akafumba macho. Miezi kumi mtu anamwambia, naye anahangaika na spidi.

Kitwana aliuliza azime swichi ipi. Hajira akasema fundi atasubiri.

Alimwona tena Kitwana kama siku ile ya Desemba, amesimama mlangoni kwake na chupa ya uji, na yeye Hajira amezuia mlango kwa mkono akisema mgonjwa amelala. Kitwana aliondoka na uji wake, hakurudi tena.

"Siku ile nilikudanganya," Hajira alisema. "Kaka yako alikuwa macho."

Kitwana aliingia ndani kuchukua kofia yake, akamfuata.