Hadithi Iliyotolewa Nje

Ornella wa mtaa wa Kasha aliongoza kundi dogo la waandishi kwenye Facebook, na alitamani sana wasomaji wa nje. Siku moja alichukua hadithi ambayo maman Marcelline, mmoja wao, aliliandikia kundi hilo tu, kuhusu mtoto wake aliyezama ziwani wakitoka kisiwa cha Idjwi, akaiweka wazi kwa watu wote. Wasomaji wakaja kwa wingi. Wengi walimpa pole, lakini wengine waliuliza kwa nini mama hakumshika mwanawe.

Marcelline akampigia simu.

“Ornella, ile habari nilikuwa naambia tu ninyi.”

“Unisamehe, maman. Nitaifuta sasa hivi.”

“Bamekwisha kuisoma.”

Ornella aliifuta. Wageni walibaki, Marcelline akaondoka, na Ornella hakufurahia tena kuona kundi likikua.